Bastola Kiunoni: Je, Ni Ulinzi au Ni Taabu?

(Maneno yaliyosemwa Bunia mbele ya wafanyakazi wa migodi na watu wa mji)



Nimeombwa niseme juu ya jambo linalobishaniwa katika kila nganda na kila kituo cha motari, tangu Mbunya mpaka Shari. Wako wanaosema: mwenye mali yake aruhusiwe kuvaa bastola kiunoni, hadharani, kila mtu aione, kwa sababu mwizi akiiona atapita mbali. Wengine wanajibu: hapana, silaha tumezichoka. Mimi nina upande wangu wala sitauficha. Lakini kwanza nataka kuwasemea vema wale wa upande wa pili, maana si wajinga wala si watu wabaya. Wengi wao ni wenzetu wa kazi.

Mtazameni mnunuzi wa zahabu. Anatoka Mongbwalu kuja Bunia, anapita Iga-Barrière, na mfukoni mwake amebeba kitu kidogo kuliko kidole ambacho bei yake ni mshahara wa mwaka wa mtu. Dereva anajua. Kijana wa motari anajua. Wale waliosimama kwenye kizuizi na kamba yao wanajua kabla yake. Akiibiwa, atamlilia nani? Polisi wako mjini, na kesi itachukua miezi, tena atadaiwa pesa ya karatasi na pesa ya mafuta ya gari. Mtu huyu akisema, “Nipeni ruhusa nijilinde mwenyewe,” je, tutamcheka? Mimi simcheki.

Wanaongeza neno la pili, na hili lina akili zaidi. Wanasema bastola inayoonekana ina ukweli ndani yake. Mtu aliyeificha chini ya koti anadanganya watu wote walioketi naye. Yule aliyeiweka wazi unamjua, unaweza kuchagua kuketi mbali. Ni kweli. Hata mimi, kati ya wawili hao, ningependa kumjua mwenye silaha kuliko kuja kumgundua wakati pombe imekwisha kumpanda kichwani.

Neno la tatu ndilo zito kuliko yote, na linasemwa kwa machozi. Usiku wa 1 Februari 2022, watu wa CODECO waliingia katika kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo, huko Djugu, wakaua watu zaidi ya 50, wanawake na watoto wengi miongoni mwao. Wale waliokufa hawakuwa na bunduki. Walikuwa wamekwisha kukimbia mara moja, wakaambiwa, kaeni hapa, mtalindwa. Basi ndugu zao wanatuuliza: mtu mwenye mikono mitupu alipata faida gani? Swali hili halijibiwi kwa maneno ya vitabu.

Tena iko historia, na katika gazeti hili hatuwezi kuiruka. Katika mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya walikutana Bruxelles wakaandika mapatano ya kupinga biashara ya watumwa. Ndani ya mapatano yale waliweka pia sheria ya silaha: bunduki nzuri za kisasa zisiuzwe kwa watu wa Afrika katika nchi zote zilizo kati ya mstari wa 20 wa kaskazini na mstari wa 22 wa kusini. Sisi tumo katikati kabisa. Bunduki nzuri zilibaki mikononi mwa nani? Mikononi mwa Force Publique, iliyoundwa mwaka 1885, na maofisa wake walikuwa wazungu. Babu zetu walipoletwa kuchimba Kilo, ambako kazi ya zahabu ilianza mwaka 1905, walikuta mwenye bastola ni yule anayehesabu watu asubuhi.

Wala jambo hili si la Kongo peke yake. Kule Marekani, katika jimbo la California, sheria ziliruhusu mtu kubeba bunduki yake wazi. Siku ya 2 Mei 1967 vijana weusi wa chama cha Black Panther waliingia na bunduki zao katika jumba la bunge la Sacramento, kwa sababu bunge lilikuwa likijadili sheria ya kuwanyang’anya. Kabla ya mwaka kwisha, gavana Ronald Reagan alikwisha kuitia sahihi sheria ile, na kubeba bunduki yenye masasi barabarani kukakatazwa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kumkataza mnyonge silaha ni desturi ya wenye nguvu, siwezi kumwita mwongo.

Sasa nimewasemea. Naomba na mimi mnisikilize.

Sisi wa Bunia hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa mji ambamo kila mtu anayetaka anabeba silaha hadharani. Tulikaa ndani yake. Vita vya Ituri vilianza mwaka 1999 huko Djugu kwa ugomvi wa mashamba. Mwezi wa Agosti 2002 UPC iliukamata mji huu. Mwezi wa Machi 2003 jeshi la Uganda likaifukuza. Mwezi wa Mei, Waganda walipoondoka, wenye bunduki wakaanza kugombania mtaa kwa mtaa. Nani hakumbuki? Watu walilala nje kuzunguka nyumba za MONUC na kando ya uwanja wa ndege, wamekaa juu ya matope na magodoro yao. Bunduki wakati ule hazikufichwa. Zilivaliwa begani na kiunoni, zilipelekwa sokoni, zilipelekwa hata matangani. Je, wezi walikimbia kwa kuziona? Wenye kuzibeba ndio waliovunja maduka.

Na nani alizibeba? Watoto. Wale tuliowaita kadogo, bunduki inagusa ardhi. Picha ya video iliyopigwa kambini Rwampara 12 Februari 2003 ilionyeshwa mbele ya mahakama ya La Haye, na Thomas Lubanga alihukumiwa mwezi wa Machi 2012 kwa kuandikisha watoto wasiofika miaka 15 na kuwatumia vitani. Akapewa kifungo cha miaka 14. Nakumbusha hili kwa sababu moja. Mtoto haanzi kwa kupenda vita. Huanza kwa kuona kwamba mtu mwenye chuma kiunoni anapishwa njiani, anapewa kiti, anauziwa kwa mkopo. Akiona hivyo kila siku, shule itamwambia nini?

Halafu yakaja majeshi ya Ulaya. Baraza la Usalama lilipitisha azimio 1484 tarehe 30 Mei 2003, na mwanzoni mwa Juni askari wa Artemis, wengi wao Wafaransa, wakatua hapa. Mwishoni mwa mwezi ule kamanda wao, Jenerali Thonier, alitoa amri ambayo inatuhusu kabisa leo: Bunia uwe mji usio na silaha za kuonekana. Angalieni neno lenyewe. Hakusema mji usio na silaha. Alisema za kuonekana.

Watu wengi waliicheka amri ile. Walisema: bunduki zimepanda darini, zimeingia chini ya kitanda, usiku zitashuka. Na kweli zilishuka usiku mwingi. Tena nje ya mji, kilometa chache tu, watu waliendelea kufa kama kwamba hakuna askari aliyekuja. Hayo yote nayakubali. Artemis ilikaa mpaka 1 Septemba tu, ikamwachia MONUC kazi. Lakini mchana, hapa mjini, tuliona nini? Mama aliweza kutandika mboga zake. Maduka ya Boulevard ya Libération yakafungua mlango mmoja, kesho yake miwili. Waliokimbia walianza kurudi kutazama kama nyumba ina paa. Amri ya nusu ilituletea nusu ya amani, na katika mwaka ule nusu ya amani ilikuwa mali nyingi.

Kwa nini ilifaa? Kwa sababu bunduki inayoonekana hapa kwetu haisemi tu, “Najilinda.” Inauliza, “Wewe ni wa upande gani?” Mtaa huu ni wa hawa, mtaa ule ni wa wale, ukiona kijana na silaha hutazami mkono wake, unatazama uso wake kutafuta kabila lake. Mmoja akivaa, jirani yake wa kabila jingine naye atakwenda kuitafuta ya kwake, si kwa sababu ya mwizi, kwa sababu ya huyo jirani. Wanaotuletea mifano ya nchi nyingine wanalisahau jambo hili. Huko pengine bastola ni jambo la mtu mmoja. Kwetu inahesabiwa kwa kabila, hata kama mwenyewe ni mfanyabiashara mtulivu anayependa sala zake.

Tuje kwenye kazi yenyewe ya bastola, maana wachimbaji mnapenda kujua chombo kinafanya nini. Mwizi wa njia ya Mongbwalu hana bastola. Ana kalashi, naye yumo ndani ya majani, na wenzake watatu. Kalashi inapiga mita 300 bila taabu. Bastola mkononi mwa mtu ambaye hakufundishwa, juu ya motari inayoruka mashimo, haipigi hata mti. Na ikiwa kiunoni wazi, mwizi ameiona kwanza. Asiye na silaha ataambiwa, “Toa.” Mwenye nayo hataambiwa kitu, atapigwa sasi kabla ya kushuka, na bastola itachukuliwa pamoja na zahabu. Hapo tumempa mwizi silaha ya tano.

Mnakumbuka 4 Septemba 2020. Watu wa CODECO, wengi na silaha zao, waliingia hapa mjini mchana kweupe kwa miguu, wakaenda mpaka gereza kuu kudai wenzao waachiliwe. Siku ile bastola za mji huu zilikuwa wapi? Zilifunga milango kama sisi wengine, na nasema zilifanya vema. Jambo lilimalizwa kwa mazungumzo, wakasindikizwa kutoka. Fikirini kama wenye maduka kumi wangekuwa wamesimama mlangoni na bastola zao kiunoni, na mmoja wao mkono ukamtetemeka.

Na katika Februari 2025, mkuu wa majeshi ya Uganda, Muhoozi Kainerugaba, alitangaza kwamba majeshi yote yaliyomo Bunia yasalimishe silaha katika saa 24. Siku chache baadaye askari wake wakaingia mjini pamoja na jeshi letu. Amri ya namna ile haijui nani ni mnunuzi wa zahabu na nani ni mpiganaji. Askari mgeni atatazama kiuno tu.

Juu ya Plaine Savo sina jibu jepesi. Nasema hili tu: bastola ya tajiri wa Bunia isingefika Savo. Waliochukua bunduki kwa kusema wanalinda watu wao, kama kundi la Zaïre, walianza kwa neno la ulinzi, na ripoti za Umoja wa Mataifa zimekwisha kuwataja kwa mauaji ya raia. Wale wa kambi walikuwa na haki ya askari wanaokuja wanapoitwa. Deni hilo ni la serikali, na sitaki tulisamehe kwa kujinunulia bastola.

Sheria iko. Amri ya 3 Septemba 1985 inasema hakuna raia wa kushika bunduki bila ruhusa ya serikali. Tangu Mei 2021 mkoa uliwekwa mikononi mwa wanajeshi, na raia wenye makosa wakapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Anayetaka kujaribu ajue mlango anaoubisha. Lakini sheria ile ile ninaitaka imfuate pia yule ambaye hatumsemi kwa sauti: mtu wa serikali aliyevaa nguo za nyumbani, ameketi kwenye nganda saa nne ya usiku, bastola juu ya meza kando ya chupa. Huyo ametisha watu wa mji huu kuliko mwenye duka yeyote. Askari aliye kazini aivae wazi, na nguo ya kazi, na jina kifuani, na namba ya silaha iandikwe. Nchi yetu ilitia sahihi Mapatano ya Nairobi mwaka 2004, ambayo yanataka silaha zitiwe alama. Kazi ikiisha, silaha ibaki kambini.

Na kwenye migodi vivyo hivyo. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamkataza mwanajeshi na polisi kuwa na haki ya kuchimba. Basi yule anayesimama juu ya shimo na silaha, akidai ndoo moja katika kila ndoo kumi, analinda nini? Kila kundi la wachimbaji liandike: shimo gani, siku gani, alichukua nini. Wasiojua kuandika wamwambie anayejua. Karatasi hizo tuzipeleke pamoja, watu wengi kwa mara moja, kwa sababu mmoja akienda peke yake atarudi na makofi.

Nimesema mengi, na jua linakwenda. Naona kijana mmoja wa motari amekwisha kuinua mkono mara tatu, na uso wake hautaki kukubaliana nami. Ndugu, simama, sema.