Haki ya Majeruhi Huanzia Kwenye Daftari la Askari

Askari afikapo mahali pa ajali, hapo Nengo mjini Gisenyi, hushughulika na mambo mawili: majeruhi apelekwe hospitali, na njia ifunguliwe. Ni sawa. Lakini lipo la tatu, nalo husahauliwa kwa wepesi: aliyevunjika mguu atakula nini miezi ijayo?

Sheria ya Rwanda haikumtupa mtu huyo. Bima ya lazima ya magari iliwekwa tarehe 7 Agosti 1975, na amri ya Rais ya tarehe 25 Agosti 2003 ikaeleza jinsi fidia ya walioumia inavyohesabiwa. Gari likiwa halina bima, au likigonga na kutoroka, upo Mfuko Maalumu wa Dhamana, uliotungiwa sheria mwaka 2011. Mfuko huo humfidia hata mkulima aliyejeruhiwa na nyati aliyetoka mbugani.

Ichukuliwe mfano wa mwashi aendaye kazini alfajiri, akagongwa na gari lenye namba za Kongo. Je, gari likirudi Goma, haki yake nayo imevuka mpaka? La hasha. Rwanda na Kongo zote zimo katika mpango wa kadi ya manjano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari liwapo ugenini. Askari anainakili namba ya kadi hiyo kabla gari halijaondoka. Baada ya hapo ni taabu tupu.

Tena mwashi huyo alikuwa njiani kwenda kazini. Kwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii, RSSB, ajali ya njiani ni ajali ya kazi. Mchango wake, asilimia 2 ya mshahara, hulipwa na mwajiri peke yake, wala haukatwi kwa mfanyakazi.

Wapo madereva wanaotoa noti chache papo hapo na kutaka mambo yaishe. Bega lililoteguka huonekana dogo jioni ya kwanza. Wiki ya tatu mwashi hawezi kuinua tofali, na noti zimekwisha. Askari anayeyashuhudia mapatano hayo bila kuandika taarifa amemfungia mtu mlango wa bima.

Wanajeshi nao mara nyingine hufika kabla ya polisi. Wanachoweza kufanya si kigumu: kushika namba ya gari, kuwazuia mashahidi wasitawanyike, na kuacha magari yalivyo hadi polisi wachore mchoro. Na gari likiwa limetoroka, iandikwe wazi kwamba limetoroka, saa ngapi, na kuelekea wapi. Mfuko wa Dhamana utaanzia kwenye mstari huo.