Kuoa, Kuolewa, Kuoana: Sarufi ya Ndoa na Daraja za Jinsia

Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi. Kiambishi a- humwakilisha mke na mume sawia, na neno yeye halina ndevu wala ushungi. Si ajabu basi lugha hii ikasifiwa kuwa haina upendeleo.

Sifa hiyo hutetereka penye kitenzi -oa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, baba au walii humwoza. Vitabu vya sarufi aghalabu huridhika kuiorodhesha -olewa miongoni mwa mifano ya kauli ya kutendwa, kisha vikapita. Na hapo ndipo palipostahili kusimama. Sentensi "Asha amemwoa Juma" ina upatanisho kamili, wala hakuna kanuni ya sarufi inayoikataza. Mila ndiyo inayoikataza. Aisikiaye hucheka, au humwonea Juma huruma. Mwanamume aliyehamia kwa mkewe akisemwa kuwa "ameolewa", huwa ametukanwa. Kauli ile ile ambayo kwa mwanamke ni heshima inayongojewa na ukoo mzima, kwa mwanamume ni fedheha, kwa kuwa nafasi ya mtendwa imekwisha kuhesabiwa kuwa ya kike.

Daraja hizo hazikuishia midomoni. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 9, inaieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke: hiyo ni -oana, kauli ya kutendana. Lakini kifungu cha 13 kiliweka umri wa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na kifungu cha 17 kikamtaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba, au ya mama iwapo baba amefariki. Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, ila mantiki ya vifungu hivi viwili ni ya kuolewa na kuozwa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilitamka kuwa vinakiuka Katiba; rufani ya Serikali ikatupwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2019.

Kiswahili chenyewe hakijakosa njia. "Wameoana" na "wamefunga ndoa" ni semi za kila siku, na hazina mtendwa. Hata hivyo, "wameoana" husemwa zaidi ndoa ikishafungwa. Kabla ya hapo, katika posa, katika mazungumzo ya mahari na katika mafunzo ya somo kwa mwari, kitenzi kinachotawala ni kuolewa, na binti huulizwa ataolewa lini kabla hajaulizwa kama anataka.