Fedha za Mazishi

Neno tulilo nalo jioni hii si la furaha, wala hatulileti kwa kupenda kuwatia hofu. Twataka kunena juu ya fedha za kuzikia.

Sisi walimu tulipata kuona jambo hili kwa karibu. Mwenzetu mmoja alifariki mjini, mshahara wa mwezi umekwisha. Mwili wake ukalala siku 9 katika chumba cha maiti, na kila siku ina malipo yake, huku ndugu wakichangishana fedha za jeneza na za gari la kumrudisha kwao. Hata ng'ombe wa maziwa akauzwa, naye ndiye aliyewalipia watoto karo. Watu wakala matanga wakaenda zao. Mjane akabaki na deni. Hatuwalaumu waliokula, maana nasi tulikuwamo.

Wazee wetu walikuwa na vyama vya kuzikana, na huko Ethiopia vyama kama hivyo, viitwavyo idir, vyaendelea hata leo. Uingereza nako, sheria ya mwaka 1832 iliruhusu maiti za maskini zisizodaiwa na jamaa wapewe waganga wazipasue wapate kujifunza. Watu wa kazi waliogopa mno fedheha ya kuzikwa kimaskini, wakawa wakitoa peni moja moja kila juma. Mwaka 1854 kampuni ya Prudential ya London ilianza biashara hiyo ya bima ya senti chache, wakusanyaji wakipita mlango kwa mlango.

Siku hizi bima ya mazishi huuzwa Kenya na Tanzania pia. Mtu hulipa kidogo kidogo, naye akifa, jamaa hupeleka hati ya kifo wakapewa kiasi kilichoaganwa. Lakini yafaa kusoma kabla ya kutia sahihi. Bima nyingi zina muda wa kungoja: mtu akifa kwa ugonjwa kabla muda huo haujatimia, fedha hazitoki, ingawa kifo cha ajali kwa kawaida hulipwa. Tena malipo yakikatizwa, bima nayo huweza kukatika, na yote uliyotoa yakapotea. Ulizeni pia kama wazazi wenu wamo, maana wengi hudhani wamo kumbe hawamo.

Asiyetaka kampuni na aingie chama cha jirani. Sisi twakipenda zaidi, kwani jirani huleta fedha na mikono ya kuchimba kaburi. Ila daftari lisomwe mbele ya wote, na fedha zisikae chini ya mto wa mtu mmoja.

Na wewe bwana uliyekwisha kata bima, ukaifungia hati sandukuni pasipo kumwambia mtu: nani ataidai? Mwonyeshe mkeo leo sanduku ni lipi, na ufunguo u wapi.