Ruzuku ya Mbolea na Shamba la Mteremko: Mada kwa Semina ya Wadau wa Kilimo, Lushoto



Siku ya Nane Nane mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Mbeya ruzuku ya mbolea iliyotengewa shilingi bilioni 150. Vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei duniani kote. Mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea, uliokuwa umepita shilingi 120,000, ukashuka hadi 70,000. Kwa mkulima wa Mlalo au Soni hiyo ni nafuu kubwa, wala sikuja hapa kuibeza. Nauliza tu: masika yakianza, mbolea hiyo inabaki shambani?

Kwanza utaratibu wenyewe. Enzi za vocha, kuanzia 2008/09, serikali ilichangia takriban nusu ya bei ya mbolea na mbegu za ekari moja, na kamati ya kijiji ndiyo iliyoteua wa kupewa. Vocha zililenga zaidi mahindi na mpunga. Huku milimani mahindi ni ya chungu cha nyumbani; ada ya shule inatoka kwenye kabichi, karoti, nyanya na viazi vinavyoteremshwa Mombo kwenda Dar es Salaam. Aliyebuni vocha hakuwa akituwazia sisi. Utaratibu wa 2022 ni bora: mkulima anasajiliwa kijijini, anapewa namba, wakala anaihakiki kabla ya kuuza, na serikali inalipa tofauti ya bei. Ila namba huandikwa kwa jina la mtu mmoja. Kwa mila ya Wasambaa ardhi hurithiwa zaidi na wanaume, ilhali palizi na kuweka mbolea mara nyingi ni kazi ya mke. Daftari la kijiji lisimsahau.

Hilo daftari linarekebishika kwa kalamu. Mteremko haurekebishiki hivyo. Mfuko wa urea una kilo 23 za nitrojeni, nayo huyeyuka upesi. Ikitupwa juu juu kwenye shamba lisilo na kingamaji, mvua kubwa huiteremsha bondeni pamoja na udongo. Serikali imelipa, mkulima amelipa, aliyefaidi ni mto.

Waingereza waliuona mmomonyoko huu. Kuanzia 1946 waliwalazimisha watu wa Mlalo kuchimba matuta, kwa amri na adhabu. Mzigo ukawaelemea wanawake, watu wakakataa, na mpango ukafa kabla ya uhuru. Mwaka 1981 ulianza mradi wa kuhifadhi udongo, SECAP, kwa msaada wa Wajerumani, ukapita njia nyingine: majani ya guatemala kwenye mistari ya kontua, miti, na ng'ombe wa kufugwa zizini. Majani yalishika udongo na kulisha ng'ombe, samadi ikarudi shambani. Kilichowavuta watu safari hii kilikuwa maziwa na samadi, vitu ambavyo faini ya mkoloni haikuweza kuleta.

Leo kaya inayochimba makingamaji ya fanya juu inajigharamia yenyewe. Inatoa nguvu kazi ya wiki kadhaa, tena inapoteza kipande cha shamba ambalo tayari ni dogo, ilhali faida huja baada ya misimu. Mbolea ina ruzuku. Kinachoizuia isiondoke hakina. Na si jambo geni kulipia jembe: Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, hulipa kaya maskini ujira kwa kazi za jamii.

Napendekeza halmashauri za Lushoto na Bumbuli ziombe Wizara ya Kilimo iruhusu sehemu ya ruzuku ilipie makingamaji, kwa mita zilizopimwa na afisa ugani na kukaguliwa tena baada ya masika. Tuanze na kata moja, tena yenye mteremko mkali, siyo ile ya kando ya lami ambako wageni hupenda kupelekwa. Mke na mume waandikwe wote wawili.

Naomba semina ipitishe ombi hili kwa maandishi kabla hatujatawanyika.