Mataifa Yenye Mali na Mataifa Maskini

Wengi husema taifa tajiri liwashibishe kwanza watu wake, ndipo lisaidie wengine, kwa kuwa mali ina mpaka. Neno hili tusilidharau. Nasi nyumbani twapima unga kwa kibaba.

Lakini na tupime. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliyataka mataifa yenye mali yatoe sehemu 7 katika kila 1,000 za pato lao. Uingereza ilikifikia kipimo hicho mwaka 2013, kisha mwaka 2021 ikashuka hata 5, ikitaja uhaba wa fedha ulioletwa na maradhi ya Korona. Sehemu 995 zilibaki nyumbani.

Sasa watazameni Wachoctaw wa Marekani. Tangu mwaka 1831 walihamishwa kwa nguvu katika nchi yao, wengi wakafa njiani. Hata hivyo mwaka 1847, wangali fukara, walisikia habari za njaa ya Ayalandi, wakachanga dola 170. Fedha hizo hazikuondoa njaa, wala hatusemi hivyo. Bali Waayalandi hawakusahau, na mwaka 2020 wengi wao waliwachangia Wanavajo na Wahopi, wenyeji wengine wa Marekani, walipopatwa na Korona.

Paa la kanisa letu lavuja, twajua. Lakini twaomba mchango wa jubilei uende kwanza kwa jirani zetu waliokosa mavuno.