URITHI WA DAMU NA URITHI WA CHUNGU

(Mada iliyotolewa kwa wazazi na walezi)



Mara nyingi tumekutana msibani na kusikia ikisemwa: "Ni presha, ndiyo iliyomwondoa baba yake na babu yake." Tunatikisa vichwa, tunazika, tunarudi nyumbani. Watoto wa marehemu wameketi palepale, wala hakuna anayefikiri kuwapima. Leo tunataka kuzungumza juu ya watoto hao.

Shinikizo la juu la damu tumezoea kulihesabu kuwa ugonjwa wa wazee. Lakini mtoto ambaye mzazi wake analo yumo hatarini kuliko wenzake, na safari ya ugonjwa huo yaweza kuanza mapema sana. Katika mji wa Bogalusa, jimbo la Louisiana, Marekani, Dakta Gerald Berenson na wenzake walianza katika miaka ya 1970 kuwapima watoto, weusi kwa weupe, na kuwafuatilia hadi ukubwani. Waliona kwamba mtoto mwenye shinikizo kubwa kuliko wenzake huelekea kubaki hivyo hata akiwa mtu mzima. Tena walichunguza mishipa ya vijana waliofariki kwa ajali na sababu nyingine, wakakuta mafuta yamekwisha kuanza kujipanga ndani yake. Nayo yalizidi kwa wale waliokuwa na unene na shinikizo kubwa walipopimwa wakiwa hai.

Basi, je, ukoo ndio hukumu? Hasha. Mtoto harithi damu peke yake. Hurithi pia chungu cha nyumbani. Hurithi kiasi cha chumvi tunachotia katika mboga, soda tunayomtulizia, na saa anazokaa mbele ya televisheni. Mafuta yanapozidi mwilini, hasa tumboni, figo huzuia chumvi na maji visitoke, mishipa hukazana, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Urithi wa damu ukikutana na mafuta hayo, hatari huongezeka. Babu zetu hatuwezi kuwabadili, chungu twaweza.

Hapa yatupasa kujisahihisha. Sisi tulioijua njaa humwona mtoto mnene tukasema amenawiri, baba yake ana uwezo. Wengine humdhihaki na kumwita bonge. Yote mawili ni makosa: la kwanza laficha hatari, la pili lamwumiza asiye na kosa. Wala mtoto mwembamba asisahauliwe, kwa maana ugonjwa wa figo au wa moyo waweza kumpandishia shinikizo naye pia.

Ugonjwa huu kwa kawaida hauna dalili. Hujulikana kwa kupimwa. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2017 washauri mtoto apimwe kila mwaka tangu umri wa miaka 3. Mkanda unaofungwa mkononi lazima ulingane na mkono wake: mkanda mpana mno huonyesha shinikizo dogo kuliko lilivyo, na mdogo mno huonyesha kubwa. Kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtoto mgonjwa; apimwe tena siku nyingine.

Lakini tusiutwike mzigo wote mama anayepika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, watambua haki ya mtoto ya kupata afya bora na haki yake ya kucheza. Watoto watacheza wapi, ikiwa uwanja wao umegawanywa viwanja vya nyumba? Watakula nini, ikiwa langoni pa shule hupatikana chipsi, soda na maandazi tu? Muuguzi atapimaje, ikiwa zahanati ina mkanda wa watu wazima tu? Haya ni mambo ya haki, wala hayaponywi kwa dawa.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Kwanza, kila mzazi mwenye shinikizo amweleze daktari habari za ukoo wake, na kuwapeleka watoto wake wapimwe. Pili, tupunguze chumvi na sukari kwa nyumba nzima, pasipo kumtenga mtoto mmoja mezani. Tatu, watoto wacheze na kukimbia walau saa moja kila siku. Nne, tuulize kwa pamoja, katika vikao vya kijiji na mtaa, juu ya viwanja na vifaa vya zahanati.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tusingoje msiba mwingine utukumbushe.

Maswali ya kujadili:
1. Ni nani katika ukoo wetu waliougua shinikizo la damu, na je, watoto wao wamepimwa?
2. Watoto wetu huchezea wapi? Nani ana mamlaka juu ya mahali hapo?
3. Je, zahanati yetu ina mkanda wa kumpimia mtoto? Kama hauna, tumwone nani?