Kijana Anayerapu Asinunuliwe
Maneno tuliyowaambia wazazi na viongozi wa familia zilizohama

 

Leo tunaomba kusema juu ya vijana wanaorapu. Tunajua wengi wenu mnawaita wahuni. Wanapiga kelele, wanavaa vibaya, wanakataa kuchota maji. Mengine ni kweli. Lakini tunawaomba muwatazame tena, kwa sababu wako watu wengine wanaowatazama, na hao wana pesa mkononi.

Kwanza tujue kazi hii ilitoka wapi. Rap ya Kiswahili si ya jana. Mwaka wa 1991, kule Dar es Salaam, Saleh Jabir alianza kujulikana kwa kutia maneno ya Kiswahili kwenye midundo ya Marekani. Kalamashaka walitoka Dandora, mtaa wa watu maskini wa Nairobi. Mwaka wa 2001 Professor Jay aliwachekesha Watanzania kwa wimbo wa mwanasiasa anayeahidi kila kitu. Mwaka wa 2015 yeye mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge. Mwenzake Sugu alitangulia bungeni mwaka wa 2010. Kwetu Kongo, vijana wa Goma na Bukavu wanarapu kwa Kiswahili chetu, wakichanganya Kifaransa na Lingala. Mjini Goma kituo cha Yole!Africa kilifundisha vijana sanaa, na tangu mwaka wa 2014 Amani Festival iliwapa jukwaa.

Wengi wao hawana kampuni inayowasimamia. Kijana analipa studio mwenyewe, anamlipa anayetengeneza mdundo, rafiki anapiga video kwa simu, halafu wimbo unawekwa kwenye intaneti. Pesa ya intaneti ni kidogo sana kama wasikilizaji si wengi. Kinachomlisha ni majukwaa na sherehe, na mara nyingi kazi nyingine ya mikono.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Mnajua desturi ya wanamuziki wa Kinshasa ya kutupa libanga, yaani kutaja jina la tajiri ndani ya wimbo ili alipe. Kutaja jina la mwenye duka si vita. Lakini wakati wa kampeni, au kundi la silaha linapotafuta vijana, anakuja mtu na dola mia anasema: imba kwamba kabila fulani ndilo linalotuua. Kijana mwenye njaa anaimba. Wimbo unapita kwenye simu usiku mmoja, na asubuhi majirani waliokuwa wakichota maji pamoja hawasalimiani tena. Ninyi mliokimbia mnajua maneno ya namna hiyo yanaishia wapi.

Kusema ukweli nako kuna bei. Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2021, Tume ya Udhibiti ilikataza redio na televisheni kupiga nyimbo za kundi MPR na za Bob Elvis. Tarehe 13 mwezi wa pili 2025, mwimbaji Delcat Idengo aliuawa kwa risasi mjini Goma. Kwa hiyo hatuji kuwaambia msukume watoto wenu mbele ya bunduki. Tunakuja kuwaomba msiwaache peke yao.

Tunaomba mambo manne.

Moja: msikilizeni kijana kabla ya kumfukuza. Mwambieni alete wimbo kwa wazee kabla ya kuutoa. Neno linaloumiza jirani litaonekana hapo mapema.

Mbili: mpeni jukwaa. Siku ya mkutano au sherehe, mwacheni aimbe, na kama kuna kitu kidogo cha kumpa, mpeni. Anayelipwa na watu wake ana nguvu ya kumkatalia mchochezi.

Tatu: msaidieni kuandika mapatano. Sheria ya tarehe 5 mwezi wa nne 1986 inamlinda mtunzi. Karatasi moja yenye majina, tarehe, nani aliandika maneno, nani alitengeneza mdundo na kila mmoja atapata ngapi, inazuia ugomvi mwingi.

Nne: mlinde usalama. Video isionyeshe mahali familia zinapolala, wala nyuso za watoto, wala jina la mtu aliyetoa ushuhuda.

Na kwenu viongozi: pale ambapo watu wa vijiji mbalimbali wamekutana kwa ajili ya vita, wakusanyeni vijana wa kila upande watunge wimbo mmoja pamoja. Lazima wabishane juu ya kila mstari. Mabishano hayo ya maneno ni kazi ya amani, maana ndani yake kila mmoja anasikia yaliyompata mwenzake.

Sasa ni zamu yenu kusema. Wamama watangulie, kisha vijana wenyewe.